Zamu Yangu ya Kuchora Jua

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake, ya uchachu kidogo, kama uji uliosahauliwa sufuriani tangu jana. Juzi mjukuu wangu aliipika jikoni kwangu kwa ajili ya kazi ya shule. Alipoanza kubandika karatasi zake mezani nilinyanyuka nikatoka nje, nikakaa barazani mpaka alipomaliza. Aliniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni, na moshi wenyewe haukuwapo. Yeye ni mtoto, ana haki ya kumpenda bibi yake. Ninyi nitawaambia, kwa sababu hamnijui na hatutakutana.

Katikati ya miaka ya sabini tulikuwa tukikaa Kyebando, pembeni mwa Kampala. Baba yangu alikuwa sajenti wa polisi, Mwislamu kutoka kaskazini, na mama alikuwa Mkristo wa hukohuko kwao, kwa hiyo nyumbani tulisherehekea sikukuu zote na tulisema Kiswahili. Lakini Kiswahili pale Kampala, siku zile, kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Nikitumwa sokoni Kamwokya, nikifungua kinywa tu, mama muuza maharage anajaza kopo haraka haraka na kuniongeza konzi moja bila kunitazama. Nilidhani ni ukarimu. Shuleni nako walinipa nafasi kubwa kwenye benchi, hata ningeweza kulala, na hakuna aliyewahi kunivuta nywele. Kiganda nilijifunza kwa kusikiliza wenzangu wakizungumza wao kwa wao.

Mtu mmoja tu hakuniogopa, Mwalimu Kizza, aliyetufundisha sayansi darasa la sita. Alikuwa mtu wa Mengo, mwembamba, na alivaa koti siku zote, hata joto likiwa la kuyeyusha nta. Aliniita "nnyabo", kama mama mtu mzima, kisha akacheka mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, l na r zikibadilishana viti, na alijua kwamba namcheka. "Nnyabo Zaituni," aliniambia mara moja, "wewe nafundisha mimi Kiswahiri, mimi nafundisha wewe jua." Nilimpenda mwalimu yule. Nasema wazi kabisa, nilimpenda kama baba wa pili.

Jua alilifundisha kweli. Alikuwa na darubini ya macho mawili aliyoachiwa na jirani yake, Mhindi muuza vitambaa, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa na kuondoka na masanduku mawili mawili. Jicho moja la darubini aliliziba kwa kipande cha debe. Kisha aliifunga dirishani kwa mpira wa baiskeli, akaivalisha kola ya kadibodi ili ilete kivuli, na nyuma yake akaweka kigoda chenye karatasi nyeupe. Jua lilipita kwenye kioo likatua pale karatasini, duara lililo wazi, kubwa kama sahani ya kikombe. Sharti la kwanza, alilotukaririsha mpaka tukachoka, ni kwamba jua halitazamwi. Linapokelewa kwenye karatasi, kama mgeni anavyopokelewa kwenye mkeka. Anayelifuata kwa jicho hapati jua, na jicho anapoteza.

Alitueleza kwamba kule hakuna ardhi, wala mahali pa kukanyaga, ni moto mtupu wa hewa kuanzia juu mpaka ndani. Katikati kabisa ndiko kwenye jiko lenyewe, na joto linalozaliwa humo hutambaa kuja nje polepole mno, vizazi na vizazi, mpaka joto linalokuunguza shingo leo lilizaliwa kabla ya watu kujua kulima. Karibu na uso linachemka kama uji, linapanda na kushuka. Ila pana mahali nguvu za sumaku zinalikaba lile joto lisipande, na hapo panapoa kidogo na kuonekana peusi. Hayo ndiyo madoa ya jua. Doa dogo kama tone la wino pale kwenye karatasi yetu lingeweza kuimeza dunia nzima, alisema, pamoja na Kampala na madeni ya serikali. Alipotaja serikali alikohoa na kufuta ubao.

Kila wiki mwanafunzi mmoja alikuwa na zamu ya jua. Wakati wa mapumziko ya saa nne, wenzake wakicheza, yeye anabaki darasani, anachora duara kwa kuzungusha sahani, anayaweka madoa mahali pake, anaandika siku na saa, kisha anabandika karatasi kwa gundi ya muhogo kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta ulikuwa umejaa. Ukitembea kando yake ukitazama karatasi moja baada ya nyingine, unayaona madoa nayo yakitembea, yanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu jua linajizungusha. Wazazi waliokuja shuleni waliutazama ukuta ule wakatikisa kichwa. Sisi tulijiona wataalamu.

Tena kulikuwa na jambo ambalo mwalimu alilisubiri. Madoa, alisema, huongezeka mpaka uso wa jua unachafuka, halafu hupungua mpaka unabaki mtupu, na mzunguko huo huchukua miaka kama kumi na mmoja. Sisi tulikuwa kwenye miaka ya kupungua. Mzunguko mpya ukianza, doa la kwanza halitokei kiunoni mwa jua, linatokea mbali, juu au chini. Alitaka sana kuliona doa hilo. Alilisubiri kama watu wengine walivyosubiri sukari, na kama karibu wote walivyosubiri kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja kwa sauti.

Basi zamu ikanifikia. Jumatatu nilipokea jua kwenye karatasi na halikuwa na kitu. Nikasogeza kioo mbele na nyuma, nikapuliza vumbi, nikaigonga karatasi kama tulivyofundishwa. Uso ulikuwa safi. Wasswa, aliyekuwa na zamu wiki iliyotangulia na kupata doa moja zuri kila siku, alichungulia dirishani akapiga kelele, "Jua limemkimbia mtoto wa polisi!" Wenzake wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunicheka pale shuleni, na ningekuwa na akili ningefurahi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu alikuwa ametuambia zaidi ya mara moja kwamba karatasi tupu nayo inabandikwa, kwamba kutoona kitu ni kuona pia. Nilisikia. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilichoona mbele yangu ni sahani tupu itakayoning'inia ukutani na jina langu chini yake. Nikachukua penseli nikatia madoa matatu, mawili makubwa na mtoto wao. Niliyaweka juu, karibu na ukingo, kwa sababu pale yalipendeza. Jumanne jua lilikuwa safi vilevile. Nikayachora tena, safari hii nikiyasogeza upana wa ukucha kuelekea upande yanakokwenda madoa, ili uongo wangu ufuate kanuni.

Jumanne ileile mchana mwalimu alikuja kuutazama ukuta. Alifika kwenye karatasi zangu akasimama. Alivua miwani akaivaa tena.

"Zaituni. Wewe ndiye umeona hizi? Huku juu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Jana na leo?"

"Ndiyo."

Aliketi kwenye benchi letu la wanafunzi, magoti yake yakimfikia kifuani, akasema kwa Kiganda, taratibu, kwamba limeanza. Jua limeanza tena. Alikimbilia dirishani, lakini mawingu yalikuwa yameshafunga na mvua ikaanza kabla hajaifungua darubini. Hakujali. Alisema kesho tutayatazama pamoja, darasa zima. Kisha akatoa mfukoni mwa koti kipande cha sukari guru kilichofungwa kwenye gazeti, akanipa. Msisahau mwaka wenyewe. Watu walikunywa chai ya chumvi. Nilikila chote njiani na sikumbakizia hata mama.

Jumatano palipambazuka bila wingu. Kabla ya mapumziko gari la kijeshi likaingia uwanjani, wakashuka askari wanne na mkubwa wao, mwanamume wa makamo mwenye shati la maua na miwani nyeusi. Mwalimu mkuu alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli mjini. Askari walikuja moja kwa moja darasani kwetu. Kumbe walinzi wa nyumba za wakubwa, kule kwenye kilima kinachoitazama Kamwokya, walikuwa wameona kioo kikimetameta dirishani kwetu, kila siku, saa ileile.

Yule mkubwa aliiona darubini. Halafu akageuka akauona ukuta, safu kwa safu za maduara, vidoa vinavyohama, siku na saa zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kitoto. Aliupitia wote, mikono mgongoni. Akamuuliza mwalimu hii ni nini. Mwalimu akaanza kujibu kwa Kiswahili chake, akakwama kwenye neno la tatu.

"Nani hapa najua Kiswahili?" mkubwa akauliza.

Darasa zima liligeuka kunitazama. Nikasimama.

"Wewe toto ya nani?"

"Ya Sajenti Yusufu, afande."

"Aa, toto ya kwetu. Kuja hapa. Uliza huyu mwalimu, iko naangalia nini kule kwa kilima?"

Nikasimama kati yao nikatafsiri. Mwalimu alisema hatazami kilima, anatazama jua. Vile vidoa ni vya jua.

"Jua iko na madoa? Kama chui?" Askari wakacheka, na mkubwa akacheka nao. Kisha akaivuta darubini iliyofungwa dirishani, akaielekeza juu, akaipeleka machoni.

Mwalimu Kizza aliruka. Sikuwahi kumwona akikimbia, achilia mbali kuruka. Alikiziba kioo kwa kiganja chake akipiga kelele, "Hapana, afande! Macho! Macho itakufa!" Askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki ubavuni, akaangukia kati ya mabenchi. Alipokuwa chini aliniambia maneno upesi upesi, akihema, nami nikayasema kwa Kiswahili: "Anasema ukitazama hivyo utapofuka. Anasema afadhali umpige."

Yule mkubwa aliiteremsha darubini polepole. Akavua miwani yake, na nikaona macho ya kawaida, mekundu, ya mtu aliyechoka. Alimtazama mwalimu pale sakafuni kwa muda. Kisha alikwenda ukutani akaibandua karatasi ya mwisho, ya Jumanne, yangu.

"Haya," alisema. "Wacha aonyeshe. Kama hii tatu iko kwa jua, mimi nakwenda zangu."

Nilitafsiri. Na mwalimu akatabasamu, jamani. Alinyanyuka ameshika ubavu, akatabasamu, kwa sababu alikuwa na hakika. Mtu aliyekuwa na hakika kama yule sijamwona tena. Alifunga mpira wa baiskeli, akaweka kigoda, akalilenga jua.

Pale ndipo ningesema. Nilikuwa na lugha zote mbili kinywani, na wote wawili walikuwa wakinisikiliza mimi tu. Ningesema, afande, hayo nimeyaweka mimi. Nilichoogopa si bunduki, nawaambia ukweli wangu wote. Mimi nilikuwa mtoto wa kwao. Niliogopa Mwalimu Kizza ajue kwamba niliongopa, na kwamba nilikula sukari yake.

Duara likatua karatasini, kali, limekamilika, jeupe kabisa. Mwalimu alisogeza kioo. Alikifuta kwa ncha ya tai yake. Akaigonga karatasi, kwa sababu taka huenda na karatasi na doa la kweli hubaki na jua, lakini hapakuwa na taka wala doa. Alibadilisha karatasi. Na yule mkubwa alisubiri. Nawaapia alisubiri, ameinama juu ya kigoda kama mwanafunzi, na mara moja aliuliza kama ni vumbi ndilo linaloziba. Nadhani naye alitaka kuona.

Mwishowe akajinyoosha. "Hakuna kitu," alisema. Akainua karatasi yangu. "Sasa hii tatu ni nini? Kama haiko kwa jua, iko kwa kilima. Muulize, nani nachora hii?"

Nikamgeukia mwalimu nikamuuliza, kwa Kiganda, nani aliyachora. Aliitazama karatasi, halafu akanitazama mimi. Hakunitazama muda mrefu. Kisha akanijibu, neno moja moja, kwa upole, kama anayenisomea imla.

"Anasema nini?" mkubwa akauliza.

"Anasema alichora yeye."

Walimchukua yeye na darubini, na askari wawili wakabaki kuubandua ukuta. Gundi ya muhogo hushika, ikabidi wakwangue kwa visu. Mmoja wao alinipapasa kichwa akitoka, akanisifu kwamba najua Kiswahili.

Nyumbani nilimweleza baba kila kitu isipokuwa kile cha penseli yangu. Kesho yake alivaa sare akaenda kuuliza, akarudi mchana, akakaa na kofia mapajani. Alimwambia mama asimtume mtu Mengo, kwa mke wa mwalimu. Kwangu alisema, "Jina la huyu mwalimu, usitaje tena. Hata kwa kucheza, usitaje." Mama alilia akiwa amegeukia jiko. Baada ya wiki chache mke wa mwalimu alikuja shuleni kuomba vitu vya mumewe, wakampa boksi la chaki na ile sahani tuliyochorea. Mwalimu Kizza hakuonekana tena, na kaburi hana.

Baba alipokuwa mzee, anaumwa, nilimwambia. Aligeukia ukutani, kisha akasema, "Wangemchukua tu, mwanangu. Siku zile watu walichukuliwa bila hata karatasi." Wachache wengine niliowaambia walisema hivyohivyo, na sauti ileile ya kubembeleza. Sitaki faraja hiyo. Inanikera. Wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, niliona mtu mwenye bunduki akivua miwani na kuahidi kwamba karatasi ikilingana na jua anakwenda zake. Huenda asingetimiza. Lakini miaka ile yote sikusikia mtu mwingine aliyepewa nafasi ya kuthibitisha ukweli wake, na ile moja niliyoishuhudia niliiharibu kwa penseli. Nimekuja kusoma kwamba ile ilikuwa miaka ya jua tupu hasa, hata wiki nzima inaweza kupita bila doa. Karatasi nyeupe ndiyo iliyokuwa sahihi. Ningeibandika, yule afande angetazama nyeupe na nyeupe.

Kuna jambo lililochelewa zaidi kunifikia. Siku ile, nikirudi nyumbani, nilikuwa na huzuni kubwa, lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kama nafuu. Nilidhani kile kipigo kilimchanganya mwalimu akili, akasahau zamu ilikuwa ya nani. Nilimshukuru Mungu kwamba hakunigundua. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, binti yangu mwenyewe yuko darasa la sita, siku moja namtazama akifanya hesabu, ndipo nilipoelewa kwamba alinigundua palepale, pale aliponitazama. Alijua kwamba jibu lolote atakalotoa litapita kwangu kwanza, na kwamba nikitaka naweza kulibadilisha. Akanipa lile la kunisitiri. Nami nililitafsiri vizuri, kwa sauti, bila kukosea neno.